Kanga Niliyoikata Siku ya Kumi na Moja

Kwa muda mrefu nilikuwa nasema kilichoniponza ni mkasi. Mimi ni fundi cherehani, Korogwe, na mtu akiniuliza kwa nini binti yangu mkubwa anaishi Handeni kwa bibi yake, namwambia ni habari ya mkasi na doti moja ya kanga. Wengine wanacheka. Wengine, hasa akina mama, wananitazama kwanza usoni kabla ya kucheka. Basi leo niseme yote, maana nimechoka kuieleza nusunusu.

Wakati ule binti yangu alikuwa na miaka minne. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule karibu na barabara ya kuingilia stendi, na kibaraza cha mbele ndicho kilikuwa ofisi yangu: cherehani, stuli, na misumari ya kuning'inizia nguo za wateja. Uani walikaa wapangaji wengine wanne na majiko yao. Sasa mtoto acheze wapi? Mbele bodaboda zinapita kama zinafukuzwa, nyuma mkaa unawaka. Kwa hiyo nilikuwa nikimfunga. Nachukua kipande cha kanga kuukuu, nakizungusha kiunoni mwake, ncha nyingine naifunga kwenye mguu wa cherehani. Urefu wake ulimfikisha ukingo wa kibaraza, asizidi hapo. Alizoea. Asubuhi nikishika tu kile kipande, anageuka mwenyewe, ananipa mgongo na kuinua mikono juu ili nimfunge. Wateja walikuwa wanamsifu kwa utulivu wake, na ile sifa nilikuwa naipokea mimi.

Mimba ya pili ilipofika mwezi wa mwisho, mume wangu, ambaye kazi yake ni kuchomelea mageti na madirisha, akasema safari hii nitajifungulia kwao Handeni. Ilikuwa haki yake. Mtoto wa kwanza nilimzalia kwetu Dindira, juu huko kwenye baridi na mashamba ya chai, na mama yangu mwenyewe ndiye aliyenikanda. Wa pili ilikuwa zamu ya ukweni. Nilimpigia mama simu nikalalamika weee, na yeye akanijibu kwa ufupi, "Mwanangu, hewala haigombi." Mama yangu ameishi ndoa yake yote kwa methali hiyo moja.

Tulifika Handeni nchi ikiwa bado kavu. Mama mkwe wangu ni mjane, anakaa peke yake kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, nje ya mji, na mbele ya nyumba kuna uwanja mpana wa udongo mwekundu unaoshuka mpaka shambani, na baada ya shamba ni vichaka tu. Hakuna geti, hakuna ukuta. Siku ya kwanza binti yangu alitoka nje, akatembea hatua chache, akasimama. Akageuka, akarudi mlangoni. Akatoka tena, akaishia pale pale. Mama mkwe alikuwa amekaa anapepeta kunde. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Mbona haendi?" akaniuliza.

"Hajazoea, mama."

Akaendelea na ungo wake.

Nilijifungua hospitali mtoto wa kiume, na wiki hiyo hiyo mvua za masika zikaanza. Nikarudishwa kwa mama mkwe, nikaingizwa chumbani, na mlango ukarudishiwa. Kwake arobaini ni arobaini. Siku arobaini mzazi hatoki kwenda uwanjani, hapigwi na upepo, hashiki maji baridi. Chooni na bafuni napita mlango wa nyuma, kichwa nimekifunika kama mwizi. Asubuhi nakandwa na maji ya moto mpaka nasikia mifupa inalegea, nafungwa tumbo, napewa uji wa pilipili manga. Uji ule nilikunywa mpaka jasho langu likanuka pilipili manga. Na sisemi kwamba alinitesa, la. Alinikanda kwa mikono miwili na kwa moyo, na mgongo wangu haujawahi kupata raha kama ile. Lakini mimi ni mtu wa kibarazani. Nimezoea kuona watu, kubishana bei, kumcheka huyu na kumjibu yule. Kunifungia chumbani ni sawa na kumfunika kuku kwa tenga.

Dunia yangu ikawa dirisha. Nondo zake alizichomelea mume wangu mwenyewe zamani, akaziwekea na maua ya chuma katikati, na siku hizo nilimlaani kwa kila ua. Kupitia maua hayo niliiona Handeni ikibadilika. Ule uwanja mwekundu ukaota nyasi laini ndani ya siku nne. Vichaka vilivyokuwa miti mitupu vikavaa majani. Jongoo wakajitokeza, na wale wadudu wekundu wa mvua, wadogo, wenye manyoya kama velveti, wakatapakaa kwenye udongo. Na watoto wa majirani, pamoja na wawili wa wafugaji wa ng'ambo ya shamba, wakawa wanakuja kucheza pale kila siku mvua inapokatika.

Siku za mwanzo binti yangu alikuwa anakuja dirishani kila baada ya muda mfupi. Ananiletea mdudu mwekundu kwenye kiganja, anampitisha kati ya nondo, nampokea, anatembea mkononi mwangu, namrudisha. "Umemwona, mama?" Nimemwona. Anaondoka, anarudi na mwingine. Na mimi, nasema ukweli kwa sababu nilianza kwa kuuahidi, nilikuwa nachoka. Mtoto mchanga alikuwa halali, matiti yanauma, na huyu kila saa yuko dirishani. Nikawa namwambia, "Nenda kacheze, mama amechoka." Alipokuwa hayupo nilipumua. Nilifarijika kwamba kuna mtu mwingine anayemwangalia. Hilo nalo liandikwe.

Siku ya kumi na moja mama mkwe akaingia na mfuko. Ndani yake kulikuwa na doti ya kanga mpya, ya kijani na njano, bado ina ile harufu ya dukani. Akaiweka mapajani mwangu kwa mikono miwili. Nikamshukuru. Akakaa kitandani, hakuondoka. Nilidhani anataka kuona kama nimeifurahia. Nikasema, "Mama, niletee mkasi."

Sasa hebu nielewe. Doti ya kanga inakuja vipande viwili vimeshikana, na fundi hawezi kukaa nayo bila kuikata, vidole vinawasha. Na kwetu, mtu akikupa doti na unampenda, unaikata, unampa kipande kimoja, mnavaa sare. Ni adabu. Mtu anayejiwekea vipande vyote viwili anaonekana mchoyo. Nikaikata katikati, nikakikunja kipande kimoja vizuri, nikampa. "Mama, tuvae sare."

Macho yake yalijaa machozi. Akajitanda pale pale, akatoka nje, na nikasikia vigelegele. Wifi yangu, dada wa mume wangu aliyeolewa kijiji cha jirani, alikuwa amekuja siku hiyo, naye akapokea vigelegele. Majirani wakaitikia. Nikakaa kitandani natabasamu peke yangu, nikajiona mkwe mwenye akili.

Siku ya kumi na nne wifi akaja kunifulia nepi. Akawa anasuuza nje ya dirisha langu huku ananisifu. "Wifi, una moyo. Mimi wa kwangu nisingemtoa."

"Kumtoa nani?"

Akasimama na nepi mkononi. "Kwani hukujua?"

Sikujua. Nikaelezwa pale dirishani, polepole, kama mtoto anayefundishwa kuhesabu. Katika ukoo wao, bibi akitaka kumlea mjukuu haombi kwa mdomo. Anamletea mama wa mtoto doti ya kanga ndani ya arobaini. Mama akiiweka nzima, maana yake ni asante, mtoto wangu nabaki naye. Akiikata na kumrudishia bibi kipande, maana yake nimekugawia mtoto. Na mimi sikusubiri hata kuulizwa. Niliagiza na mkasi.

"Si ungeniambia mapema!" nikasema.

"Nilijua baba watoto wako amekuambia." Kisha akacheka kidogo, siyo kwa ubaya. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wifi."

Nikampigia mume wangu Korogwe. Nilimwaga yote. Nikasikia mashine ya kukatia chuma nyuma yake. Mwisho akasema, "Mama yuko peke yake. Na wewe una mtoto mchanga, una cherehani, chumba chenyewe ndiyo kile. Mwaka mmoja tu, mpaka aanze shule." Nikamuuliza kama alijua mama yake ataleta kanga. Akasema mteja amefika. Niliitazama simu ile nikatamani ningekuwa na mkono mrefu wa kumfikia.

Kumkabili mama mkwe nisingeweza. Huyo huyo kesho asubuhi ndiye anayekuja na beseni la maji ya moto, ananivua nguo, ananikanda. Utamgombeza vipi mtu aliyekushika mgongo? Unaanza na shikamoo mama, anaitikia marahaba mwanangu, na maneno yote uliyoyapanga yanarudi tumboni, chini ya ile kanga ya kufungia. Lakini wifi alinipa njia. Aliniambia kipande kinaweza kuombwa. Siku ya arobaini, mama anapotolewa nje mbele ya watu, akiomba kipande chake, bibi anatakiwa kukitoa, hana ruhusa ya kukataa. "Ila hajawahi kutokea mtu akaomba," akasema. "Ni aibu kubwa kwa bibi."

Basi nikawa nahesabu. Siku ishirini na sita zilizobaki niliishi kwa sentensi moja: Mama, naomba kipande changu. Nilikuwa naisema nikinyonyesha, naisema nikinywa ule uji. Na wakati mimi naisema, huko nje binti yangu alikuwa anaondoka.

Aliondoka hatua kwa hatua, nikimwona. Kwanza alivuka pale alipokuwa anaishia siku ya kwanza. Siku nyingine akafika kwenye kichuguu, siku kumbikumbi walipotoka, akawa anawakimbiza na beseni pamoja na wenzake, nywele zake zimejaa mabawa. Bibi yake akawakaanga, wakala kwenye sahani moja uwanjani. Zamani angeniletea. Alikuwa amekula mpaka mwisho ndipo akakumbuka, akaja dirishani na viganja vitupu vya mafuta, akaniambia, "Walikuwa watamu." Baadaye akawa anashuka na bibi shambani kupanda mahindi, anatupia mbegu kwenye mashimo na kuzifukia kwa mguu. Alianza kujibu Kizigua. Kishambaa chetu na Kizigua si mbali, nilikuwa naelewa, lakini hakujifunza kwangu.

Wale wadudu wekundu aliwahamishia kwa bibi. Nilimwona. Anamwokota mmoja, anatazama dirishani, anatazama shambani, anakimbilia shambani.

Siku moja, mvua imetoka kunyesha, walijenga kibanda cha nyasi karibu sana na dirisha langu, wakacheza mchezo wa baba na mama. Walifinyanga ng'ombe wa udongo, watoto wa wafugaji ndio mafundi, ng'ombe wao wana pembe na nundu kabisa. Mmoja akamuuliza binti yangu kama yeye ndiye mama.

"Mimi bibi," akasema. "Napika."

"Na mama?"

"Mama yuko ndani, amechoka." Akaendelea kukoroga matope. Hakusema kwa huzuni wala kwa hasira. Alisema kama mtu anavyosema chumvi iko kabatini.

Nililia siku hiyo. Mama mkwe aliingia akanikuta, akadhani ni mambo ya uzazi, akanifunika shuka, akamchukua mtoto mchanga akambembeleza mpaka akalala. Kile kipande cha kijani na njano alikuwa amejitanda, alikuwa hakivui. Nilimchukia kabisa, na papo hapo nilimshukuru kwa kunipa nusu saa ya usingizi. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kubanwa namna hiyo, unayemchukia ndiye anayekupa pumzi.

Siku ya arobaini kukapambazuka jua kali baada ya mvua, uwanja wote unang'aa. Mume wangu alikuja asubuhi. Nikaogeshwa, nikapakwa mafuta, mtoto mchanga akanyolewa, mkeka ukatandikwa nje, majirani wakakaa. Nikavuka kizingiti cha mbele. Mwanga ulinipiga machoni, na kwa muda sikuona kitu. Wakanipigia vigelegele, nikakaa mkekani. Wali ukaliwa. Mume wangu alikuwa anakwepa macho yangu, anakata nyama vipande vidogo mno kama anamlisha kipofu.

Chai ilipoletwa nikaweka kikombe chini.

"Mama," nikasema. "Naomba kipande changu."

  Mume wangu akaanza, "Mama wa..." na mama mkwe akainua kiganja, akamkatiza.  Akaitoa kanga mabegani, akaikung'uta, akaikunja mara mbili kama nilivyomkunjia mimi siku ile, akanipa kwa mikono miwili. Bila kanga ile alionekana mdogo, mabega yametokeza mifupa. Wifi aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimeshinda, na aibu nilikuwa nayo, lakini sikujali, kwa sababu mtoto ni wangu, uchungu wake naujua mimi.

Nikasimama. Nikamwita binti yangu. Alikuwa chini kabisa, mpakani mwa shamba, mbali kuliko alivyowahi kufika, anachimba udongo na wenzake. Nikaita tena. Akaja mbio, amepanda uwanja mzima kwa pumzi moja, anacheka, magoti mekundu, akasimama mbele yangu.

"Njoo," nikasema. "Tunakwenda nyumbani Korogwe."

Akakitazama kile kipande cha kanga mkononi mwangu. Kicheko kikaisha, lakini hakulia, hakubisha. Akafuta udongo wa mikono kwenye gauni lake. Kisha akageuka, akanipa mgongo, akainua mikono juu, akasubiri.

Majirani hawakuelewa, mmoja akacheka akidhani ni mchezo. Mume wangu alielewa, akatazama chini. Mama mkwe wangu aliuangalia ule mgongo mdogo, akaangalia mahali pale uwanjani alipoishia siku ya kwanza, hatua chache kutoka mlangoni, halafu akaniangalia mimi. Sijawahi kuangaliwa hivyo tena. Hakukuwa na hasira ndani yake.

Nikapiga magoti mkekani, nikaishusha mikono yake, mmoja, halafu wa pili.

"Sikufungi," nikamwambia. "Nenda kacheze."

Akageuka. "Mpaka wapi?"

 Bibi yake ndiye aliyemjibu, kwa sauti ya kawaida tu.

"Mpaka uchoke."

Akaondoka mbio. Nikamrudishia mama mkwe kipande chake, akakipokea kwa mikono miwili, hakujitanda. Mchana ule nikapanda basi kurudi Korogwe na mtoto mmoja.